Elfu Hamsini au 50,400? Acha Simu Ihesabu Vigawo vya Pesa za Chama

Tuseme chama chenu kina watu 12. Mwezi wa kwanza mmekaa, mmekunywa chai, mkakubaliana lengo la mwaka: elfu hamsini. Mbona elfu hamsini? Kwa sababu inatamkika vizuri, basi. Disemba inafika, mweka hazina anafungua kikokotoo cha simu, anaandika 50,000 gawa kwa 12, na jibu linatoka 4,166.6666 likiendelea hivyo mpaka ukingoni mwa kioo.

Ukituma pesa kwa simu unaandika shilingi kamili, hakuna pa kuweka senti. Kwa hivyo kila mtu anatumiwa 4,166, na shilingi nane zinabaki kwenye laini ya mweka hazina. Nane tu! Hazitoshi hata andazi. Lakini ukishawahi kukaa kwenye chama unajua vile mambo huenda: mtu mmoja anauliza "na hizo zingine ziko wapi?", daftari linasema hivi na ujumbe wa simu unasema vile, na mwaka mpya mnauanza mkitazamana kwa jicho la pembeni.

Sasa jaribu 50,400. Ni shilingi 400 tu juu ya lengo la kwanza. Gawa kwa 12: 4,200 kila mtu, baki sifuri. Watu watatu wakijitoa mkabaki 9? Ni 5,600. Mkiwa 14? Ni 3,600. Mkiwa 16? 3,150. Na kuifikia si kazi: watu 12, miezi 12, kila mtu 350 kwa mwezi, jumla ni 50,400 kamili. Ukitaka elfu hamsini kwa mpango huo huo, kila mtu angetakiwa kuchanga 347 na senti 22 kila mwezi, na sijui nani angekubali kuweka hiyo hesabu.

Nambari hizi mbili zinakaribiana, mbona moja ina heshima na nyingine ni msumbufu? Jibu liko kwenye vigawo, na vigawo ni kitu ambacho unaweza kuiambia simu yako ikuhesabie. Leo tutaandika programu fupi kabisa ya kufanya hivyo. Usiogope. Kama unaweza kufuata hatua za kutuma pesa bila kukosea, hii pia utaiweza.

Kigawo ni nini

Kigawo cha nambari ni nambari nyingine inayoigawa bila kuacha baki. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Ni sita. Vigawo vya 10 ni 1, 2, 5 na 10. Ni vinne. Vya 7 ni 1 na 7 peke yake.

Ukihesabu idadi ya vigawo vya kila nambari kuanzia 1 na kuendelea, unapata mfuatano huu: 1, 2, 2, 3, 2, 4, 2, 4, 3, 4, 2, 6. Unapanda na kushuka bila mpangilio unaoonekana kwa macho. Yule 2 anarudi rudi, halafu ghafla 6 anaruka pale kwa 12. Kwa lugha ya chama, idadi hiyo inakuambia pesa fulani inaweza kugawanywa sawa kwa makundi ya ukubwa ngapi tofauti bila mtu kubaki akiuliza swali. Elfu moja ina vigawo 16. Mia nane na arobaini, ambayo ni ndogo kuliko elfu, ina 32. Ndiyo, mara mbili.

Programu ya kwanza: polepole lakini rahisi

Tutatumia Python, lugha ya programu isiyolipishwa. Kwa simu ya Android unaweza kuweka Pydroid 3. Ukishaiweka, inafanya kazi hata bila bando. Andika hivi, na uzingatie nafasi za mwanzo wa mstari, maana Python inazisoma:

    def vigawo(n):
        idadi = 0
        for k in range(1, n + 1):
            if n % k == 0:
                idadi = idadi + 1
        return idadi

    print(vigawo(50000))
    print(vigawo(50400))

Tuisome pamoja. Tunaanza na idadi sifuri. Kisha tunachukua k, ambayo ni 1, halafu 2, halafu 3, mpaka nambari yenyewe. Ile alama ya % haihusiani na asilimia hapa, inauliza "nikigawa n kwa k, baki ni ngapi?" Baki likiwa sifuri, tumepata kigawo, tunaongeza moja. Na zile alama mbili za == zinauliza kama vitu viwili ni sawa, tofauti na = moja ambayo inaweka thamani ndani ya jina. Wengi wanaoanza hukwama hapo tu.

Endesha. Utaona 30 kwa elfu hamsini na 108 kwa 50,400.

Na tofauti hiyo inagusa makundi ya kawaida kabisa. Chukua ukubwa wa chama kuanzia mtu 1 hadi watu 20. Elfu hamsini inagawanyika sawa kwa ukubwa nane tu: 1, 2, 4, 5, 8, 10, 16 na 20. Nambari 50,400 inakubali 16 kati ya hizo 20. Inakataa 11, 13, 17 na 19 pekee.

Kutafuta nambari za rekodi

Swali la maana zaidi kwa mweka hazina si "50,400 ina vigawo vingapi?" bali "kati ya nambari zote mpaka 60,000, ni zipi zinazowashinda wote waliotangulia kwa vigawo?" Huo nao ni mfuatano: kila nambari iliyovunja rekodi.

Ungeweza kutumia ile programu ya kwanza kwa kila nambari, moja baada ya nyingine. Shida ni kazi yenyewe. Kwa 60,000 inajaribu kugawa mara 60,000, kwa 59,999 inajaribu mara 59,999, na kadhalika. Ukijumlisha zote ni zaidi ya mara bilioni 1.8. Simu itapata joto na wewe utachoka kungoja.

Kuna njia ya ujanja, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya somo lote. Badala ya kuuliza kila nambari "vigawo vyako ni gani?", geuza swali. Chukua 1, ipitie kila nambari na kuiwekea alama. Chukua 2, iruke mbili mbili: 2, 4, 6, 8, ikiacha alama kila inapokanyaga. Chukua 3, iruke tatu tatu. Ukimaliza, idadi ya alama kwenye nambari ni idadi ya vigawo vyake. Ni kama wauza maziwa wanaopita mtaa mmoja mrefu: wa kwanza anagonga kila mlango, wa pili kila mlango wa pili, wa tatu kila wa tatu. Mlango uliogongwa mara nyingi ndio wenye vigawo vingi.

    mwisho = 60000
    alama = [0] * (mwisho + 1)

    for k in range(1, mwisho + 1):
        for n in range(k, mwisho + 1, k):
            alama[n] = alama[n] + 1

    rekodi = 0
    for n in range(1, mwisho + 1):
        if alama[n] > rekodi:
            rekodi = alama[n]
            print(n, rekodi)

Mstari wa pili unatengeneza orodha ya sifuri, moja kwa kila nambari. Mizunguko miwili inayofuata ndiyo wale wauza maziwa. Sehemu ya mwisho inapita tena mtaani ikiandika kila rekodi mpya. Kazi imeshuka kutoka bilioni 1.8 hadi karibu alama 670,000. Jibu ni lile lile.

Utapata mistari 28. Inaanza 1, 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120, 180, 240, 360, 720, 840, 1260, 1680, 2520, 5040, 7560, 10080, 15120, 20160, 25200, 27720, 45360, 50400, na inaishia 55440 yenye vigawo 120.

Itazame vizuri hiyo orodha. Hakuna 100. Hakuna 1,000, wala 10,000, wala 50,000. Zile nambari tunazozipenda mdomoni zote zimeachwa nje. Lakini 12, 24 na 60 zipo, nambari za saa, na 360 ipo, nyuzi za duara. Zote hizo ni nambari zinazogawanyika kirahisi. Plato wa Ugiriki naye, alipoandika juu ya mji wa kufikirika katika kitabu chake cha Sheria, aliupa kaya 5,040 kwa sababu hii hii: nambari hiyo inagawanyika kwa kila kitu kuanzia 1 hadi 10, na hiyo inasaidia wakati wa kodi na kugawana mali. Angekuwa mweka hazina mzuri, huyo.

Lile tatizo la kumi na moja

Nilisema 50,400 inakataa 11. Kwa chama cha watu 12 hilo si jambo dogo, maana 11 ndiyo hali inayotokea mara nyingi zaidi: mtu mmoja amehama, au ameshindwa, au amekosana na mwenyekiti. Mkikubaliana mchango wake ubaki kwenye kapu, mnagawa 50,400 kwa 11 na jibu ni 4,581, na shilingi tisa zinabaki juu. Tumerudi kwa zile nane za mwanzo, tena na moja zaidi.

Ndiyo maana mimi ningechagua ile ya mwisho kwenye orodha, 55,440. Inagawanyika kwa kila ukubwa kuanzia 1 hadi 12 bila kuruka, halafu 14, 15, 16, 18 na 20. Watu 12 wanapata 4,620 kila mmoja. Watu 11 wanapata 5,040, ile ile ya Plato. Na mchango? Watu 12 kwa miezi 12 ni 385 kila mwezi. Shilingi 35 juu ya ile 350, na mmejikinga dhidi ya mtu mmoja kuondoka, wawili, watatu, hata nusu ya chama.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujakimbilia kikundi cha chama na habari hii. Kwanza, ada za kutuma pesa. Kama makato yanatoka kwenye kapu la chama, basi kapu lenu halina 55,440 tena, na vigawo vyote tulivyohesabu vimeharibika. Amueni mapema kwamba anayetuma mchango analipia ada yake, na ada za kugawa Disemba mzichange kando. Pili, faini na riba za mikopo zinaingia kwa viwango vyake na hazijali orodha yetu. Ziwekeni kwenye mstari wake daftarini, mzigawe peke yake, na baki likitokea liandikwe wazi kuwa ni mbegu ya mwaka ujao. Kapu la michango libaki safi.

Kwa nini 3 na 7 zina nguvu hivyo

Kuna njia ya kuhesabu vigawo kwa kalamu bila programu. Vunja nambari mpaka zibaki nambari tasa, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu.

50,000 = 2×2×2×2×5×5×5×5×5
50,400 = 2×2×2×2×2×3×3×5×5×7

Hesabu kila tasa imejirudia mara ngapi, ongeza moja kwa kila hesabu, kisha zidisha. Kwa elfu hamsini: mbili zipo 4, tano zipo 5, kwa hivyo 5 mara 6, jibu 30. Kwa 50,400: mbili zipo 5, tatu zipo 2, tano zipo 2, saba ipo 1, kwa hivyo 6×3×3×2, jibu 108. Kwa nini kuongeza moja? Kwa sababu ukitengeneza kigawo unaweza kuchukua zile mbili tano zote, au nne, au tatu, au mbili, au moja, au usichukue hata moja. Hiyo ya kutochukua ndiyo ile moja ya ziada.

Sasa ndiyo unaona ugonjwa wa 100, 1,000 na 50,000. Zimejengwa kwa 2 na 5 tupu. Tatu haimo, saba haimo, na chama cha watu 6, 7, 9 au 12 hakina pa kushika.

Aliyezichunguza nambari hizi za rekodi kwa kina ni Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyezaliwa 1887. Mwaka 1912 alikuwa karani katika ofisi ya hesabu ya bandari ya Madras, mtu wa vitabu vya pesa kama mweka hazina wenu. Mwaka 1914 akaenda Cambridge, Uingereza, na 1915 akachapisha makala marefu kuhusu nambari hizi. Alitengeneza orodha ya zaidi ya nambari 100 bila kompyuta, na mpaka leo wataalamu wanashangaa. Baadaye ikagundulika ameruka moja: 293,318,625,600. Ukitumia njia ya kalamu tuliyoiona utapata kwamba hiyo aliyoiruka ina vigawo 5,040 kamili. Tasa zake ni 2 mara sita, 3 mara nne, 5 mara mbili, 7 mara mbili, halafu 11, 13, 17 na 19 mara moja moja. Jaribu.

Badilisha mstari mmoja, upate mfuatano mwingine

Uzuri wa programu ya pili ni kwamba kazi nzito ishafanyika. Zile alama zipo. Ukiondoa sehemu ya rekodi ukaweka swali jingine, unapata mfuatano mwingine kabisa. Uliza alama[n] == 2 na utapata nambari tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Uliza zenye idadi witiri ya vigawo, na zitatoka 1, 4, 9, 16, 25, nambari za mraba tu, kwa sababu vigawo hutembea wawili wawili, 2 na 6, 3 na 4, isipokuwa pale nambari inapojizidisha yenyewe. Uliza n % alama[n] == 0, yaani nambari inayogawanyika kwa idadi ya vigawo vyake yenyewe, upate 1, 2, 8, 9, 12, 18, 24, 36. Mfuatano huo ulibuniwa na programu ya kompyuta ya mtafiti Simon Colton, aliyeuandikia makala 1999. Kisha ikajulikana kuwa wanahisabati wawili walikuwa wameshauandika 1990.

Halafu uliza alama[n] == 4. Zitatoka 6, 8, 10, 14, 15, 21 na nyingine nyingi. Ukiacha chache kama 8 na 27, zote ni tasa mbili zilizozidishwa: 15 ni 3×5, 21 ni 3×7. Hizi ndizo kinyume cha pesa za chama. Chama kinataka nambari inayogawanyika kirahisi, kufuli linataka nambari inayokataa. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa siri unaoitwa RSA, ambao msingi wake ni nambari kubwa yenye vigawo vinne tu: 1, yenyewe, na tasa mbili zilizofichwa. Tovuti nyingi zenye alama ya kufuli bado zinautumia. Ufunguo wa kawaida siku hizi una tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuvunja nambari ya mfumo huo yenye tarakimu 250, na iliwachukua kompyuta nyingi sana kufanya hivyo. Wauza maziwa wetu hawangefika hata mwanzo wa mtaa huo. Ndiyo sababu tapeli hajisumbui na nambari hizo. Anaona heri akupigie simu, ajifanye anatoka huduma kwa wateja, na akuombe PIN.

Zoezi la nyumbani. Badilisha mwisho = 60000 iwe 100000 kisha uendeshe tena. Orodha itaongezeka mstari mmoja tu, 83160 yenye vigawo 128. Kwa watu 12 na miezi 12 hiyo haifai, maana kila mtu angechanga 577 na senti 50. Lakini kama chama chenu huchanga Januari hadi Novemba, na Disemba ni ya kugawana, basi ni 630 kila mwezi kwa kila mtu, na mgao ni 6,930.